Bahari Pekee Haitoshi: Kutofautisha Tabianchi ya Kibahari, ya Mediterania na ya Kibara

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari mjini Tabora. Wanafunzi wangu wanazichanganya tabianchi tatu za latitudo za kati, yaani ya kibahari, ya Mediterania na ya kibara. Wamekariri kwamba mahali palipo karibu na maji ni pa kibahari na palipo mbali ni pa kibara, na sasa wanadai kwamba Kigoma ina tabianchi ya kibahari kwa sababu ya Ziwa Tanganyika, na sisi wa Tabora tuna ya kibara. Wengine wanauliza kwa nini Tabora, yenye nusu mwaka wa mvua na nusu mwaka wa ukame, isihesabiwe kuwa ya Mediterania. Naomba maelezo ya kina yenye mifano ya miji na takwimu.

Jibu:

Mwalimu, wanafunzi wako wameshika nusu ya jambo, na nusu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo nakuomba usiwakatize moja kwa moja. Maji hupunguza makali ya joto na makali ya baridi, na katika latitudo za kati, tuseme kati ya nyuzi 30 na nyuzi 60 kutoka ikweta, mahali palipo ndani sana ya bara huwa na majira ya baridi makali kuliko pwani. Wanapokosea ni kudhani kwamba umbali peke yake unatosha. Bahari haiifikii nchi kavu kwa kuwa jirani tu. Huifikia ikibebwa na upepo. Mwanafunzi akizoea kuuliza upepo unatoka wapi, mvua inanyesha katika majira gani, na tofauti kati ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi ni kubwa kiasi gani, atazitenganisha tabianchi hizi tatu hata kwenye jedwali lisilo na majina ya miji.

Nianze na maji, kwa kuwa huko ndiko walikoanzia wao. Ukisimama pekupeku kwenye mchanga wa Kibirizi, hapa Kigoma, saa nane mchana mwezi wa Agosti, pale dagaa wanapoanikwa, hutaweza kutulia kwa jinsi nyayo zinavyoungua. Lakini ukipiga hatua chache ukaingia ziwani, maji ni ya uvuguvugu tu. Rudi mahali hapo saa kumi na moja alfajiri na utakuta mambo yamegeuka: mchanga umepoa kabisa, na maji yako karibu vilevile ulivyoyaacha mchana, kiasi kwamba mguu unayahisi kuwa ya moto. Jua lililoangaza mchanga na maji ni lile lile. Tofauti imo katika namna kila kimoja kinavyopokea joto na kulitunza.

Kilo moja ya maji huhitaji joto la mara nne hadi tano zaidi ya kilo moja ya mchanga mkavu au mwamba ili ipande nyuzi joto moja. Zaidi ya hapo, mwanga wa jua hupenya majini, na mawimbi huyachanganya maji ya juu na ya chini hadi kina cha makumi ya mita, ilhali ardhini joto la majira husafiri taratibu mno na hufifia kabla ya kushuka mbali. Tena sehemu ya joto linaloingia baharini hutumika kugeuza maji kuwa mvuke badala ya kuyapasha. Kwa sababu hizo zote bahari huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na hewa inayokaa juu yake kwa muda mrefu huchukua tabia hiyo hiyo.

Sasa waambie wanafunzi wachukue ramani ya Ulaya na Asia na kuchora mstari kwenye nyuzi 52 kaskazini ya ikweta. London, Berlin, Warsaw na Irkutsk, mji ulio karibu na Ziwa Baikal huko Siberia, yote imo karibu sana na mstari huo, kwa hiyo urefu wa mchana na kimo cha jua angani havitofautiani kwa kiasi cha kutajika. Wastani wa mwezi wa Julai katika miji hiyo minne ni yapata nyuzi joto 18 hadi 20, na mtu aliyepewa namba za Julai peke yake hawezi kujua ipi ni ya mji upi. Namba za Januari ndizo zinazoutoboa ukweli. London ina wastani wa nyuzi joto 5 au 6, Berlin yapata 1, Warsaw iko kidogo chini ya sifuri, na Irkutsk iko yapata nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Tofauti ya mwaka mzima kati ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi inatoka nyuzi joto 13 hivi huko London hadi kupita 35 huko Irkutsk. Kwa maoni yangu huu ndio mfano mmoja ambao kila mwalimu wa somo hili angepaswa kuuandika ubaoni kabla ya kutaja jina lolote la tabianchi, kwa sababu unaonyesha mpito wa polepole, na kwamba mpaka kati ya kibahari na kibara katika Ulaya haukuchorwa na mto wala mlima.

Kuna alama nyingine ya bahari ambayo vitabu vingi vya shule huiruka, nayo ni kuchelewa kwa majira. Katika kaskazini ya dunia jua hufikia kilele chake mwezi wa Juni. Ndani ya bara mwezi wa joto zaidi huwa Julai, mara tu baada ya kilele hicho, lakini kwenye pwani zinazotawaliwa na bahari joto la juu huweza kusogea hadi Agosti, na San Francisco hulipata mwezi wa Septemba. Linganisheni pia Aprili na Oktoba. Huko London Oktoba ina joto kuliko Aprili kwa sababu bahari bado inatoa joto la miezi iliyopita. Huko Moscow Aprili huizidi Oktoba kidogo, kwa kuwa nchi kavu haina akiba ya kutoa.

Hapo ndipo nadharia ya umbali inapokwama. Marseille, kusini mwa Ufaransa, na Vladivostok, mashariki ya mbali ya Urusi, ni bandari zote mbili, zote ziko kwenye nyuzi 43 kaskazini, na zote zinalowa maji ya chumvi. Wastani wa Januari wa Marseille ni yapata nyuzi joto 7. Wa Vladivostok ni yapata nyuzi joto 12 chini ya sifuri. Ikiwa umbali kutoka baharini ndio unaoamua, miji hiyo miwili ingefanana. Dublin na Goose Bay, mji wa Labrador huko Canada, ziko pia kwenye latitudo moja, nyuzi 53, kila moja ikiwa upande wake wa Atlantiki. Dublin haifikii barafu kwa wastani wa mwezi wowote, na Goose Bay huwa na Januari ya yapata nyuzi joto 17 chini ya sifuri.

Sababu ni pepo za magharibi. Katika latitudo za kati za pande zote mbili za dunia hewa husafiri zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki. Dublin iko mwisho wa safari ndefu ya upepo uliovuka bahari. Goose Bay na Vladivostok ziko mwisho wa safari ndefu ya upepo uliovuka nchi kavu iliyoganda. Bahari iliyo mbele ya Vladivostok, mashariki na kusini yake, haiwezi kuupasha mji huo wakati wa baridi kwa sababu upepo wa wakati huo unatoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo tabianchi ya kibahari hukaa zaidi magharibi ya mabara: Ireland, Uingereza, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, Uholanzi, pwani ya Norwei, ukanda wa pwani wa British Columbia, kusini mwa Chile, na kusini ya ikweta hukaa pia New Zealand na Tasmania, ambazo zimezungukwa na bahari kubwa kiasi kwamba upepo wowote unaofika huko ni wa baharini.

Mikondo ya bahari husaidia. Maji ya uvuguvugu yanayosukumwa kaskazini mashariki katika Atlantiki ndiyo yanayoifanya bandari ya Murmansk, iliyo nyuzi 69 kaskazini, isifungwe na barafu. Lakini mkondo wenyewe usingeipasha Ulaya kama upepo usingekuwa unapita juu yake na kuingia barani.

Milima nayo huamua bahari iingie ndani kiasi gani. Ulaya magharibi haina ukuta wa milima unaotoka kaskazini kwenda kusini, ndiyo maana athari ya Atlantiki inafika Ujerumani na kufifia polepole hadi Poland. Amerika ya Kaskazini ina milima iliyosimama sambamba na pwani ya Pasifiki, na hapo hewa ya bahari hulazimika kupanda, kupoa na kumwaga mvua upande wa magharibi. Ukivuka milima hiyo, kibahari kimekwisha ghafla. Bergen, huko Norwei, inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo: milima iko nyuma ya mji, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka.

Nisipite bila kusema neno juu ya mvua ya London, kwa sababu najua swali litakaloulizwa darasani. London hupata yapata milimita 600 kwa mwaka. Tabora hupata zaidi ya milimita 900. Mwanafunzi wa Tabora ana haki ya kushangaa kwamba mji unaosifika duniani kwa mvua unapitwa na mji wake, unaokauka kuanzia Mei. Jibu ni kwamba London huipata mvua hiyo kidogo kidogo katika siku zaidi ya 100 zilizotawanyika mwaka mzima, kutoka kwenye mawingu mapana yanayoletwa na pepo za magharibi, tena katika hewa yenye ubaridi ambamo maji hayakauki haraka. Tabora huipokea mvua yake kwa vishindo na radi kati ya Novemba na Aprili, chini ya jua linalorudisha sehemu kubwa ya maji hayo angani. Kiasi cha mwaka, kikitajwa peke yake, hakikuambii tabianchi.

Sasa tuje kwenye tabianchi ya Mediterania, ambayo naiona kuwa ndiyo inayofundishwa vibaya zaidi, kwa kuwa wengi huieleza kwa joto na jua, wakati jambo linaloitambulisha ni majira ya mvua. Mvua ya Mediterania hunyesha katika majira ya baridi, na majira ya joto huwa makavu. Karibu kila mahali pengine duniani penye majira mawili, mvua hufuata joto. Hapa imekwenda kinyume, na kinyume hicho kinahitaji maelezo.

Yapata nyuzi 30 kutoka ikweta, kaskazini na kusini, hewa iliyopanda kwenye ukanda wa ikweta hushuka tena. Hewa inayoshuka huminywa, hupata joto, na unyevu wake unakuwa mdogo kulingana na joto lake, kwa hiyo mawingu hayajengeki. Huo ndio ukanda wa mgandamizo mkubwa wa hewa uliozaa Sahara na Kalahari. Ukanda huo hausimami mahali pamoja; hulifuata jua. Julai husogea kaskazini na kulifunika eneo la Mediterania, nayo Athens, yenye wastani wa Julai wa yapata nyuzi joto 29, hukaa mwezi mzima ikipata milimita chache tu. Januari hurudi kusini, na nafasi yake huchukuliwa na zile pepo za magharibi pamoja na dhoruba zake, nayo mvua hunyesha. Kwa maneno mengine, Athens hutawaliwa na hewa ya Sahara kwa nusu ya mwaka, na kwa nusu nyingine hutawaliwa na hewa ile ile inayoilowesha Ireland. Mtu akielewa hilo, ameelewa pia kwa nini tabianchi hii inapatikana kati ya nyuzi 30 na 45 hivi, magharibi ya mabara, na katika maeneo matano tu: nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, California, Chile ya kati, kusini magharibi mwa Australia pamoja na sehemu ya pwani yake ya kusini, na Rasi ya magharibi ya Afrika Kusini.

Rasi hiyo ndiyo zawadi yetu sisi walimu na wataalamu wa Afrika, kwa sababu inatupa mfano usiohitaji kuvuka bahari. Iwekeni Cape Town kando ya Tabora. Zote mbili ziko kusini ya ikweta, kwa hiyo Januari jua liko upande wao wote wawili. Mwezi wa Januari Tabora hupata zaidi ya milimita 100 za mvua na Cape Town hupata kama 15. Mwezi wa Juni Tabora karibu haipati tone, na Cape Town hupata kama milimita 90. Tabora hupata mvua kwa sababu ukanda wa mvua wa ikweta unalifuata jua kuja kusini. Cape Town hupata mvua kwa sababu jua limeondoka na pepo za magharibi zimepata nafasi ya kusogea. Nusu mwaka wa mvua na nusu mwaka wa ukame zinaonekana sawa kwenye karatasi, lakini chanzo chake kimepishana kabisa, na ndiyo maana Tabora haiwezi kuitwa ya Mediterania.

Mimea nayo inatoa ushahidi. Miombo ya Tabora hupukutisha majani ukame unapozidi, kisha huchipua majani mapya yenye wekundu kabla hata mvua haijaanza, kwa sababu joto na maji vitakuja pamoja na mti utakua kwa nguvu. Mzeituni hauna bahati hiyo. Maji yake huja wakati wa baridi, unapokua kwa shida, na joto lake huja wakati hakuna maji. Kwa hiyo hubaki na majani madogo, magumu, yenye utando wa nta, ambayo hayakubali kupoteza unyevu ovyo. Vichaka vya fynbos vya Rasi, miti ya mwaloni ya Ureno ambayo gome lake hutoa vizibo vya chupa, na vichaka vya California vyote vimefuata njia hiyo hiyo ya majani magumu, ingawa havina ukoo mmoja. Na vyote hushika moto kwa urahisi mwishoni mwa majira ya joto.

Ukitoka Cape Town ukafuata pwani kuelekea mashariki, kwa mwendo usiofika kilomita 500 utakuwa umepita George na kufika Knysna. Huko mvua hunyesha katika kila mwezi wa mwaka, na badala ya vichaka utakuta msitu wa asili wa kijani kibichi wenye miti mikubwa ya podo. Hiyo ni tabianchi ya kibahari, ndani ya nchi ile ile, kando ya pwani ile ile. Joto la miji hiyo halipishani sana. Kilichobadilika ni kwamba huko mashariki ukame wa majira ya joto haupo tena, kwa kuwa hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inafika. Sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba kibahari na Mediterania hutenganishwa kwanza na majira ya mvua, joto likifuata baadaye.

Tabianchi ya kibara haina utata mwingi, ila ina makali. Majira ya baridi yanapoingia, nchi kavu ya Siberia hupoteza joto haraka katika usiku mrefu. Theluji ikishatanda hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga mdogo unaopatikana. Hewa iliyopoa huwa nzito, hujirundika, na kujenga mgandamizo mkubwa unaozuia hewa ya bahari isiingie. Verkhoyansk, huko Siberia mashariki, iliwahi kurekodi nyuzi joto 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892, na Juni 2020 mji huo huo ukarekodi nyuzi joto 38. Mji wa Yakutsk umejengwa juu ya ardhi iliyoganda daima, na majengo yake makubwa husimama juu ya nguzo ili joto la vyumba lisiyeyushe udongo ulio chini yake. Majira ya joto yakifika, bara hilo hilo hupata moto, hewa hupanda, na mvua nyingi ya mwaka hunyesha wakati huo kwa ngurumo za mchana. Kwa hiyo mvua ya kibara ina kilele katika majira ya joto, kinyume cha Mediterania, na hii ndiyo njia ya haraka ya kuzipambanua.

Kupumua huku kwa bara la Asia kunatuhusu sisi moja kwa moja. Upepo wa kaskazi unaovuma kwenye pwani yetu kuanzia Desemba hadi Machi unatokana na bara hilo kupoa na hewa yake kutoka kuelekea baharini, na kusi hufuata bara linapopata joto na kuivuta hewa. Bidhaa zilizoletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi ndizo zilizopandishwa na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Ukubwa wa Asia ndio uliowapa mabaharia wale ratiba.

Kusini ya ikweta tabianchi ya kibara karibu haipo kabisa, kwa sababu kwenye latitudo ambazo ingepaswa kuwapo kuna bahari tupu. Amerika ya Kusini huwa nyembamba mno huko, na Afrika imekwisha kabla ya kufika.

Turudi sasa kwenye dai la Kigoma. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470 hivi, na ni kweli kwamba linatunza joto. Mchana hewa hutoka ziwani kuingia nchi kavu. Usiku hewa iliyopoa huteremka kutoka milimani kwenda ziwani, na wavuvi wanaotoka na taa kufuata dagaa huijua vizuri. Usiku wa Kigoma haupoi kama usiku wa Tabora wa Juni na Julai, ambapo watu huamka na makoti na kuyavua ifikapo saa nne. Hata hivyo sehemu ya tofauti hiyo ni mwinuko: Tabora iko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Kigoma iko chini yake kwa mita 400 hivi, na mwinuko wa kiasi hicho peke yake unaeleza nyuzi joto 2 au zaidi kidogo.

Jambo kubwa zaidi ni latitudo. Tabora iko kilomita zipatazo 700 kutoka Bahari ya Hindi, umbali ambao katika Ulaya ungekwisha kuonekana wazi kwenye namba za Januari, lakini mwezi wake wa joto zaidi, Oktoba, unauzidi mwezi wake wa baridi zaidi kwa nyuzi joto 4 au 5 tu. Iko nyuzi 5 kutoka ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki dakika 40. Huko London mchana wa Juni hupita saa 16 na wa Desemba hauzidi saa 8. Pasipo majira halisi ya baridi, bara halina nafasi ya kupoa, na ubara wa Tabora unabaki kuonekana katika tofauti ya usiku na mchana. Kwa hiyo Tabora na Kigoma zote ni za kitropiki, za savana, na kila mwezi wake una wastani unaozidi nyuzi joto 18. Ziwa linapunguza makali ya siku, halibadilishi kundi.

Mipaka yenyewe iliwekwa na Wladimir Köppen, mwanasayansi aliyezaliwa Saint Petersburg mwaka 1846, aliyeanza kuchapisha ramani zake mwaka 1884 na kuendelea kuzirekebisha hadi miaka ya 1930. Katika mpango wake, tabianchi ya kibahari haina majira ya ukame, mwezi wake wa joto zaidi haufiki wastani wa nyuzi joto 22, na angalau miezi minne hupita 10. Ya Mediterania hutaka mwezi mkavu zaidi wa majira ya joto upate chini ya theluthi moja ya mvua ya mwezi wenye mvua nyingi zaidi wa majira ya baridi, na uwe chini ya milimita 30, au 40 kwa wengine. Ya kibara hutaka mwezi wa baridi zaidi ushuke chini ya nyuzi joto 3 chini ya sifuri, ingawa wataalamu wengi siku hizi hutumia sifuri yenyewe, na mwezi wa joto zaidi upite 10. Wafundishe mipaka hii, lakini uwaambie kwamba iliwekwa na watu. Seattle, kwa mfano, ina mawingu na mvua ya majira ya baridi inayoifananisha na Uingereza, na wengi huiita ya kibahari, lakini Julai yake ni kavu kiasi kwamba kwa namba za Köppen inaingia Mediterania. Vilevile ramani hizo huipaka rangi ya kibahari baadhi ya miinuko ya Kenya, na huko kinacholeta ubaridi ni mwinuko, bahari haihusiki.

Kwa zoezi la darasani, waandikie vituo vitatu bila majina. Cha kwanza kina Februari ya nyuzi joto 17, Julai ya 8 au 9, na mvua inayogawanyika karibu sawa miezi yote: ni Hobart, Tasmania, ya kibahari, na Februari yenye joto inawaambia wako kusini ya ikweta. Cha pili kina Januari ya 21, Julai ya 8 au 9, na mvua ambayo karibu yote hunyesha kati ya Mei na Agosti: ni Santiago ya Chile, ya Mediterania. Cha tatu kiko kisiwani, kina Agosti ya 22 na Januari ya 3 chini ya sifuri, na hapo ndipo waliokariri habari ya umbali watakapokwama. Ni Sapporo, huko Hokkaido, Japani, ambayo ramani nyingi huiweka katika kundi la kibara: upepo wake wa Januari unatoka Siberia, unaokota mvuke ukivuka Bahari ya Japani, na kuumwaga juu ya mji kama theluji inayofika karibu mita 5 katika majira moja ya baridi.